Mikokoni Pete na goti la mama: twende saa ngapi?

SWALI: Assalamu alaikum. Ninakaa Fuoni, na likizo hii ya skuli mama yangu anakuja kutoka Micheweni, Pemba, kukaa na sisi. Umri wake umeshapita miaka sabini na goti la kulia linamsumbua. Akitembea kidogo hutafuta pa kukaa. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwengine 10. Nataka niwatoe wote siku moja, twende mahali penye miti na maji, matembezi mepesi tu, pasiwe na kupanda wala kushuka. Nilifikiria lile daraja la mikokoni Jozani, lakini shemeji yangu alikwenda akaniambia hakuna kitu, tope na harufu tu, wakageuza baada ya dakika kumi. Je, panamfaa mama? Na kama panamfaa, twende lini?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Panamfaa, tena sana. Nalitanguliza hilo ili uendelee kusoma bila wasiwasi. Lakini shemeji yako naye hakusema uongo. Alichokiona ndicho anachokiona kila anayefika pale maji yakiwa yametoka. Lango la hifadhi lina saa zake za kufunguliwa na kufungwa, ila daraja la mikoko linafuata saa ya maji, na hiyo ndiyo ya kuiangalia kabla hujapanga gari, chakula wala siku.

Nikueleze kwanza pahala penyewe palivyokaa. Msitu wa Jozani uko pale Unguja inapobanika, Ghuba ya Chwaka ikiwa upande wa kaskazini, na upande wa kusini hori linaloingia ndani kutokea baharini kwa Uzi. Maji ya chumvi yanausogelea msitu kwa pande mbili. Eneo lote hilo, msitu, mikoko na sehemu ya ghuba, lilitangazwa mwaka 2004 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, na ndiyo hifadhi ya taifa pekee tuliyonayo Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO nayo ikalitambua kuwa hifadhi hai (biosphere reserve). Lango liko kandoni mwa barabara kuu, kilomita 35 kutoka mjini, na nyinyi wa Fuoni mmeshapunguza kipande cha njia.

Daraja la mbao analolisema shemeji yako haliko hapo langoni. Liko upande wa kijiji cha Pete, mwendo wa kilomita moja hivi kusini, ng'ambo ya barabara. Mnakata tiketi langoni, mnapewa mtembezaji, halafu mnakwenda. Msiende kwa miguu. Kilomita ile ya barabarani, jua kali na magari yakipita, itamchosha mama kabla hajaona hata mkoko mmoja. Nendeni na gari mpaka chini ya mkwaju mkubwa ambapo njia ya mikokoni inaanzia.

Sasa tuje kwenye maji. Mama yako mtu wa Micheweni, hesabu hii bila shaka anayo kichwani kuliko mimi, kwa hiyo hapa nasema nawe mtoto wa mjini. Maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvua: yanajaa sana na yanapwa sana, na tofauti ya maji ya juu na ya chini hapa kwetu inaweza kukaribia mita nne. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, hayajai vya kutosha wala hayapwi vya kutosha.

Jambo ambalo wengi hawalipigi hesabu ni kuwa bamvua ina saa zake za kudumu. Siku za bamvua kwetu Unguja maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Ndiyo maana siku hizo utawaona kina mama wa Chwaka, Paje na Jambiani wako mbali kabisa pwani saa nne asubuhi, wanachokoa chaza au wanashughulikia mwani. Na saa nne asubuhi ndiyo saa anayofika Jozani mtu aliyetoka mjini baada ya chai. Nadhani hilo ndilo lililompata shemeji yako: siku nzuri, saa nzuri kwa mtu aliyelala vizuri, lakini maji yamepwa mpaka mwisho.

Kwa hali ya mama, mimi ningechagua siku mbili tatu kabla ya bamvua, yaani tarehe 11 mpaka 13 ya mwezi wa Kiislamu, au 26 mpaka 28. Siku hizo maji hupwa mapema asubuhi, kiasi cha saa mbili na nusu, halafu yanaanza kurudi, yakajaa saa nane au saa tisa mchana. Mkiwa darajani saa nne na nusu, maji yanaingia. Na hori la Pete limeingia ndani sana, maji yanapita kwenye mikoko kwa kujipenyeza, kwa hiyo huchelewa kuliko yale ya pwani iliyo wazi. Usishangae mkafika bado kukavu, kaeni kidogo. Ili uwe na uhakika, muulize mvuvi yeyote wa karibu yako siku mbili kabla, au tazama jedwali la maji. Tarehe nilizokupa ni za kuanzia tu, kwa sababu mwezi nao huandama siku yake.

Kama siku hizo haziwezekani, chaguo la pili ni siku yenyewe ya bamvua lakini alasiri: fikeni langoni saa nane, muwe mikokoni saa tisa. Maji yatakuwa mengi, yanapita chini ya mbao kabisa, na watoto watafurahi. Shida ni mbili. Saa nane jua bado kali, na hifadhi inafungwa jioni, hamtakuwa na nafasi ya kwenda kwa mwendo wa mama. Siku za maji mafu ziacheni. Mnaweza kufika saa ambayo jedwali linasema maji yamejaa, na bado yasifike miti ya upande wa nchi kavu.

Na usielewe kuwa nakwambia usubiri maji yajae ndiyo uende. Maji yakijaa kabisa utaona majani na kioo cha maji, basi. Mizizi yote imefunikwa, kaa wote wamejifungia. Saa yenye mengi ni ile ya katikati, tope lingali wazi upande mmoja na maji yanaingia upande wa pili. Hapo ndipo mnapopata vyote viwili, na hapo ndipo mwendo wa polepole wa mama unapokuwa faida kwa kila mtu, kwani anayekwenda mbio atayapita.

Kabla ya mikoko kuna kipande cha njia kutoka kwenye mkwaju kupita kichaka cha maweni. Kwa goti la mama, hapa ndipo pagumu kuliko kote, na watu wengi hawasemi. Ardhi ni tambarare lakini ni ya mawe ya matumbawe ya kale, yenye ncha na vishimo, na mizizi imetambaa juu yake. Mshike mkono, muende kwa hatua zake, mwambie atazame chini asitazame miti. Avae viatu vya kufunga vyenye soli nene, si champali. Ukiwa na mkongojo uchukue, hata kama nyumbani hautumii. Kutoka hapo mkifika kwenye mbao, kazi imekwisha. Daraja ni la usawa, linazunguka ndani ya mikoko na kuwarudisha karibu na mlipoanzia, na ni fupi. Mtu mwenye haraka atalimaliza kwa robo saa. Nyinyi lipeni saa nzima au zaidi.

Chukueni kigoda. Hiki ndicho kitu ninachomsisitiza kila anayeniuliza kuhusu mzee. Kigoda kidogo cha plastiki cha jikoni kinabebwa na yule mtoto wa miaka 10, na kila mama akitaka kukaa, anakaa hapo hapo darajani, penye kivuli, penye kitu cha kutazama. Msimwache asimame akitafuta kwa macho pa kukaa. Mzee mwenye goti akijua ana pa kukaa, hutembea zaidi ya alivyodhani.

Sasa, mtakapokuwa mbaoni mtazame nini? Anzeni na mizizi, kwa sababu ndiyo inayowatofautisha miti. Mkoko wenyewe ni ule wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani kwenda topeni, kama miguu ya buibui. Mchu unatoa vijiti vyembamba vinavyochomoza juu kutoka chini, vingi mno, vimeuzunguka mti mpaka mbali. Hivyo ni pua zake. Tope la mikoko halina hewa ndani, na mzizi nao unataka hewa, kwa hiyo mchu unaipeleka mizizi juu kuitafuta maji yakiwa yametoka. Mkoko unapitisha hewa kwenye vitundu vidogo vilivyo katika ile miguu yake. Na harufu iliyomkera shemeji yako inatokana na jambo hilo hilo: majani yanayoanguka yanaozea mahali pasipo na hewa, na vijidudu vinavyoyaozesha vinatoa gesi inayonuka yai viza. Kwa kuwa uozaji huo ni wa polepole sana, tope linahifadhi kaboni nyingi kuliko udongo wa misitu mingi ya nchi kavu. Waambie watoto hivyo, wataiziba pua kwa heshima zaidi.

Mwambie mtembezaji awaoneshe mchu ulio karibu na mbao, halafu mgeuze jani moja bila kulichuma. Juu ni kijani, chini ni jeupe la kijivu. Kama haikunyesha usiku, mtaona punje ndogo ndogo zinazometa. Mtoto aguse kwa ulimi. Ni chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari, kisha chumvi iliyozidi unaitoa kwenye majani kama jasho. Mkoko una njia nyengine, huizuia sehemu kubwa ya chumvi isiingie tangu mizizini. Miti miwili jirani, tope moja, na kila mmoja na ufumbuzi wake.

Tazameni pia vile vijiti virefu vya kijani vinavyoning'inia kwenye mkoko, urefu wa kalamu na zaidi. Watu wengi hudhani ni matunda. Kila kimoja ni mche ulioota tayari ukiwa bado juu ya mama yake. Ukianguka maji yakiwa yametoka unaweza kujichoma topeni ukasimama hapo hapo. Ukianguka maji yakiwa yamejaa unaelea, unaweza kusafiri muda mrefu mpaka ushike mahali. Hii ndiyo sababu kupanda mikoko ni kazi wanayoiweza hata watoto wa skuli, unachukua mche ulioanguka ukauchomeka. Lakini aliyewahi kuifanya atakwambia kuchomeka si kazi, kazi ni kujua mahali pa kuchomeka. Ukiupanda mkoko panapotakiwa mchu, haukai.

Kwa kaa, simameni kimya. Mkifika kwa kelele mtaona mashimo matupu. Simameni bila kutikisika, hesabuni taratibu mpaka mia, mtawaona wanatoka mmoja mmoja. Dume la wale wadogo lina gando moja kubwa, karibu sawa na mwili wake mzima, na anaipunga juu, chini, juu, anawaita majike na kuwatisha madume wenziwe. Jike ana magando mawili madogo, anakula kwa yote mawili, wakati dume anakula kwa moja tu. Maji yakikaribia, kila mmoja anaingia shimoni mwake na kuziba mlango kwa donge la tope. Mkiwa hapo saa niliyokwambia mtaliona hilo likitokea, mstari wa maji unasogea na milango inafungwa mbele yake. Kuna pia kaa wa aina nyengine, wekundu au wa kahawia, wanaokokota majani kuyaingiza mashimoni. Wao ndio wanaoanza kuyakatakata majani ya mikoko na kuyafanya chakula cha wengine.

Na yupo yule samaki anayetembea. Mtoto wa miaka 6 hatamsahau. Ni mdogo kama kidole, rangi ya tope, macho mawili juu ya kichwa, anajivuta kwa mapezi na akishtuka anaruka juu ya maji. Maadamu ngozi yake ina unyevu anaweza kukaa nje ya maji muda mrefu.

Ukipata mtembezaji mzuri, mwombe awatafutie konokono wadogo kwenye mashina ya mchu. Maji yakiwa yametoka wanatambaa chini wakila, na maji yakirudi wanapanda shinani. La ajabu ni kuwa hawasubiri kulowa. Watafiti waliowafuatilia katika pwani ya Kenya waliona kuwa wanaanza kupanda kabla maji hayajafika mtini. Mimi nimewatazama sana na bado kila mara najikuta nimekaa nikiwatazama. Usiwachanganye na tondo, yule mkubwa mweusi mwenye ganda refu anayekaa topeni. Huyo mama atamjua.

Hapa niseme jambo kuhusu mama yako. Pemba ina mikoko mingi kuliko Unguja, na mtu aliyekulia Micheweni amekwenda mikokoni tangu utotoni, kwa kuni, kwa kaa, kwa njia tu ya kufikia dau. Mtembezaji atasema yake, lakini mpe mama nafasi ya kuzungumza. Muulize mti gani walikata boriti, upi ulifaa kuni na upi ulitoa moshi, gamba la mkandaa, mti mwengine wa mikokoni, walilitumiaje. Majina yanabadilika kutoka kijiji hadi kijiji, na mara nyingi mtembezaji naye hunyamaza akasikiliza. Wajukuu wamsikie bibi yao akifundisha mahali ambapo yeye ndiye mtaalamu. Kwa maoni yangu hiyo peke yake inatosha kuwatoa Fuoni.

Boriti zinastahili neno. Nyumba za Mji Mkongwe zimebebwa na mikoko, dari zake zimelala juu ya boriti, na vyumba vyake vingi ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi yalizichukua boriti kwa shehena mpaka Uarabuni, kwenye nchi zisizo na miti ya kujengea. Mlilana, nao ni mti wa mikokoni, ulipindwa na maumbile yake na mafundi wakautafuta kwa mataruma, yaani mbavu za vyombo. Tulikata sana, na baada ya boriti zikaja kuni, mkaa na tanuri za chokaa. Msitu mnaoupita Pete umesimama kwa sababu watu wa pale walikubali kuuacha usimame, na sehemu ya fedha za tiketi inarudi vijijini. Kwa hiyo lipeni langoni, chukueni risiti, na msikubali mtu wa njiani anayewaambia atawaingiza kwa bei nafuu. Bei ya mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni. Chukua kitambulisho chako na cha mama.

Kima punju, wale wekundu wa Jozani, muwaone kabla ya mikoko. Fikeni langoni mapema, saa mbili hivi, kwa sababu asubuhi wanakula na wanashuka chini, na mchana wanalala juu ya miti. Mara nyingi hawako ndani ya msitu mkubwa, wako upande wa mashamba karibu na barabara, kwenye mikungu na miembe, kwa hiyo mama hahitaji kutembea sana. Wanapatikana kwa asili Unguja tu, duniani kote hakuna kwengine, isipokuwa wachache waliohamishiwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970. Wanaishi kwa majani, chipukizi na matunda mabichi, na tumbo lao limegawika vyumba vinne kwa ajili ya kuyachachusha. Majani ya mwembe na mkungu yana kemikali zinazozuia chakula kusagika vizuri, na ndiyo maana kima hawa wanakula makaa. Mtu anachoma mkaa, akiondoka wanakuja kuokota vipande na kuvitafuna. Makaa yanazikamata zile kemikali, chakula kikapita. Wakulima wa huko waliwalalamikia kwa muda mrefu kuwa wanawamalizia nazi changa. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionesha kuwa mavuno ya nazi hayakupungua kwa sababu yao, ila shamba likiliwa ni shamba lako, na mimi siwalaumu waliolalamika.

Wekeni umbali wa mita tatu angalau, hata wakiwasogelea wao. Msiwape chakula. Msitembee na ndizi wala njugu mkononi, maana wapo na kima wa kawaida, wale wa kijivu, ambao hawana aibu hata kidogo. Mtoto mwenye mafua au kikohozi siku hiyo abaki nyumbani na mtu mzima. Maradhi yetu ya kifua yanaweza kuwapata. Na dereva wenu apunguze mwendo anapokaribia lango hata kabla ya matuta. Matuta yale yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa mmoja baada ya mwengine, na yamepunguza vifo sana.

Msitu mkubwa wenyewe, ule wa mitondoo na mikindu, una njia yake ya kuzunguka, tambarare na yenye kivuli. Unaota juu ya maji yaliyo karibu na uso wa ardhi, na baada ya masika njia hufunikwa na maji na mbu huzidi. Kwa mama ningeuacha siku hiyo. Akiwa na nguvu mwingie kidogo tu, dakika kumi, asikie ubaridi wake, mtoke.

Mpango basi uwe hivi. Saa mbili langoni, kima mpaka saa tatu na nusu, kisha chai. Chukueni chupa ya chai, boflo, maji ya kunywa ya kutosha, mle kwenye eneo la mapokezi ambako mama anakaa kwenye kiti. Saa nne na nusu muwe Pete. Mkitoka mikokoni adhuhuri inakaribia, na msikiti upo kijijini. Siku ya Ijumaa isiwe, mtalazimika kukatiza. Msije na gari ya abiria mkiwa na mama. 309 na 310 zinapita mbele ya lango, na mtu mzima mmoja atafika vizuri, lakini kurudi mchana mnaweza kusimama juani muda mrefu mkiisubiri yenye nafasi. Kodini gari asubuhi moja, au mwombeni jirani.

Likizo ikiangukia masika, mwezi wa nne au wa tano, mbao zinalowa na kuota ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Usitegemee kuwa kila mahali pana cha kushikilia. Wewe tembea ubavuni kwa mama upande wa goti bovu, mtoto mkubwa mbele na kigoda, mdogo mkononi mwa mtu mwengine mzima. Usijaribu kuwashika wote wawili peke yako. Wakati wa kusi, mwezi wa sita hadi wa tisa, ndio mzuri kuliko wote, kukavu na hakuna joto kali.

Mama akirudi Pemba na hamu ikabaki, kuna Ngezi, kule Makangale, karibu na pwani ya Vumawimbi. Ni msitu mzuri mno, una popo wa Pemba, yule mkubwa wa rangi ya machungwa asiyepatikana kwengine, na una mpapindi, mtende wa Pemba. Ila njia yake ni ya udongo na mizizi, haina mbao, na kwa goti lake Pete ni nyepesi zaidi. Popo anaweza kuwaona pia Kidike, upande wa Chake Chake, bila ya kutembea sana.

Mkifika Pete mkakuta maji bado hayajaanza kuingia, msigeuze. Mwekeeni mama kigoda chake pale mbao zinapokaribia mkondo, mpeni chai iliyobaki, na umwambie mtembezaji mnasubiri. Atakubali, wengi wao hufurahi kumpata mtu asiyekuwa na haraka.